Mikono Ile Kwenye Shuka

Jumamosi, ukumbi wa ushirika, Pasua.
Viti vya plastiki vimeazimwa kwa kikundi cha mazishi,
ukutani shuka jeupe lenye alama ya pasi.
Mlima ulikuwa umejifunika tangu saa kumi.

Filamu inaanza bila muziki.
Fundi anampenda mwanamke, anamwahidi mlango.
Basi. Ndiyo hadithi yote.
Nyumba ipo, paa lipo, mke yumo ndani,
mlango haupo,
kwa sababu haujawa mzuri vya kutosha.
Jioni anautundika, asubuhi anaushusha:
hapa mwanga unapenya, mwembamba kama unywele,
pale bawaba inanong'ona neno asilolipenda.
Masika yanaingia hadi kitandani.
Mke anahamisha kitanda. Anahamisha jiko.
Mwisho anajihamisha mwenyewe,
na kwa kuwa hakuna mlango
hakuna kinachobamiza nyuma yake.

"Mjinga wewe, mfuate!" mtu alipiga kelele.
Mimi nilinyamaza.
Mikono ile ni yangu.

Uso ni wa kijana wa Arusha, mzuri,
asiyejua randa inashikwa wapi.
Ndiyo maana Haikaeli, mwenye filamu, alikuja karakana
akasema, "Baba Aisa, niazime mikono."
Siku tatu niliranda ubao mmoja wa mvule.
"Tena. Mwanga umekimbia."
"Tena. Unaranda kama mtu anayelipwa."
Na kweli nilikuwa nalipwa!
Simu yake iliita mara sita, jina lilelile,
hakupokea. Mkate wake ulikauka juu ya msumeno.
Mara ya arobaini na moja
jua lilichungulia dakika mbili,
maranda yakajikunja kama masikio ya kitoto kichanga,
naye akalia nyuma ya kamera, kimya,
bila kuizima.
Hapo nikamjua fundi wa hadithi ile ni nani.

Pembeni yangu Ndealilia,
mke wangu wa miaka ishirini na mitatu,
alikuwa ameacha kutafuna karanga.
Kwenye shuka, kidole gumba changu,
kikubwa kama ndama, na kovu lake la patasi,
kilipita juu ya ubao, kikarudi,
kikasikiliza, kikapita tena.
Ukumbi mzima ulishika pumzi.
Akaninong'oneza bila kunitazama:
"Hiyo mikono naifahamu.
Ila hivyo haijawahi kunishika."

Wengine wanaisifu filamu ile kwa mvua yake,
kwa rangi ya udongo, kwa kijana na mashavu yake.
Mimi naisifu kwa kunitia aibu.
Haikumcheka fundi, wala haikumtetea.
Ilimwacha na mlango uliotimia,
usiopitisha hata uzi wa mwanga,
akiufungua, akiufunga, akiufungua,
peke yake, pande zote mbili.

Tulirudi kwa miguu, matope yakivuta ndala.
Mlango wetu niliutundika kwa haraka
mwaka tuliohamia, nikisema nitaurudia.
Hadi leo lazima uuinue kwa bega ndipo ukubali.
Nikauinua. Akapita.
Nikatoa penseli sikioni, nikachora mstari
pale unapokwama. Halafu mwingine, chini kidogo,
maana ule wa kwanza haukunyooka.
Akaninyang'anya penseli, akaitumbukiza kwenye kikombe.
"Randa mara moja, Baba Aisa. Mara moja, uache."

Kisha umeme ukakatika mtaa mzima.
Gizani niliutafuta mkono wake,
nikapitisha kidole gumba taratibu, nikarudi,
nikasikiliza.
"Msasa," akasema, akicheka.
"Mikono yako msasa mtupu."
Lakini hakuuondoa wa kwake.